Siku Mama Pindo Alipokanyaga Mafuta

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pindo, kwa sababu hakuna suruali wala gauni lililotoka kwenye cherehani yake likiwa na pindo lililokwenda upande. Alikuwa fundi wa taratibu. Ukimpelekea kitambaa leo ukataka nguo kesho, alikutazama juu ya miwani yake na kukuuliza kama unataka nguo au unataka gunia. Alitembea taratibu, alikula taratibu, na hata simu ikilia aliiacha ilie kwanza, achomeke sindano mahali pake, ndipo apokee. Kwa hiyo habari ziliposambaa kwamba Mama Pindo ameitwa mahakamani kwa mwendo kasi, watu waliuliza mara mbilimbili. Mwendo kasi? Mama Pindo yupi huyo?

Mambo yalianzia kwenye macho ya mumewe. Mzee huyo alikuwa dereva wa malori hadi alipostaafu, na wenzake kazini walimbandika jina la Breki, kwa kuwa alifunga breki kwa kuku, kwa kivuli, na kwa mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Maisha yake yote hakuwahi kuandikiwa kosa hata moja barabarani, na wageni waliambiwa hivyo kabla chai haijamiminwa. Sasa ukungu ukaanza kumwingia machoni. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa, lakini foleni ni ndefu, na mpaka zamu yake ifike asiguse usukani. Gari lao dogo la rangi ya maziwa likabaki uani, limefunikwa turubai kama maiti.

"Liuzeni tu," alisema binti yao, ambaye alikuwa nesi na mtu wa maamuzi ya haraka. "Linaoza bure."

"Nitaendesha mimi," Mama Pindo akajibu, uzi ukiwa bado mdomoni.

Breki alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaona kwamba anacheka peke yake.

Na kweli akajifunza. Alikwenda shule ya udereva akakaa na vijana waliolingana na wajukuu zake. Mtihani wa kwanza alifeli, kwa sababu aliporudi nyuma aliigonga ndoo ya mtahini. Wa pili alipita. Leseni ilipotoka aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka ndani ya mkoba, na kila alipofungua mkoba kutafuta kitu kingine aliichungulia. Ila kuendesha kwenyewe hakukuwa na raha, maana Breki alikaa pembeni yake kila siku. Macho hayaoni vizuri, lakini mdomo mzima. "Punguza. Kuna kona. Punguza. Kuna mtu." "Mzee, yule ni nguzo." "Nguzo pia punguza." Walipita barabarani wakipitwa na baiskeli, na waendesha baiskeli wakageuka kuwaangalia.

Siku yenyewe, Breki aliamka na mafua. Mama Pindo alikuwa na mzigo wa mapazia ya zahanati mpya iliyojengwa nje ya mji, nayo ilikuwa inafunguliwa siku iliyofuata. Hakukuwa na namna. Akayapanga mapazia kiti cha nyuma, akamwachia mumewe maji ya moto na limau, akatoka.

"Uende polepole!" Breki akapaza sauti kutoka kitandani.

Kwenda, alienda polepole. Akafika, akatundika mapazia mwenyewe mpaka dirisha la mwisho, na mganga mkuu akampongeza mbele ya watu. Wakati wa kurudi ndipo mambo yalipobadilika. Gari lilikuwa jepesi. Barabara ilikuwa imewekwa lami juzijuzi, nyeusi, imenyooka, haina hata mtu mmoja. Akateremsha kioo. Upepo ukaingia, ukamvuta mtandio, ukaurusha kiti cha nyuma. Akajikuta amekaa peke yake ndani ya gari lake, hakuna mtu wa kumwambia lolote, mikono yake ndiyo inayoshika usukani na mguu wake ndio ulio chini pale. Akakanyaga mafuta kidogo. Gari likaitika. Akakanyaga tena.

Mama Pindo alianza kuimba. Hakuwa na sauti, na maneno ya wimbo aliyasahau nusu, lakini aliimba. Miti ilipita, vibanda vikapita, akapita lori! Yeye, Mama Pindo, alilipita lori, na dereva wa lori akampigia honi, naye akampigia honi vilevile. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana.

Halafu akamwona mtu amesimama katikati ya barabara, amenyoosha mkono.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisota, likalalamika, na trafiki ikabidi aruke pembeni ndipo lisimame. Alikuwa askari wa kike, kijana, kofia imekaa sawasawa. Alikuja dirishani huku akijipangusa vumbi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, unajua ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa naangalia barabara."

"Hapa mwisho ni hamsini. Wewe ulikuwa sabini na nane."

Mama Pindo akageuka nyuma, kana kwamba huyo anayeambiwa amekaa kiti cha nyuma.

"Mimi?"

"Wewe."

"Na gari hili?"

Trafiki akamwonyesha kile kifaa cha kupimia mwendo, ambacho madereva hukiita tochi. Kwenye kioo chake kulikuwa na namba nyekundu: saba na nane. Mama Pindo akavaa miwani vizuri, akaisoma, akaisoma tena.

"Mbona unacheka, mama?"

"Sicheki, mwanangu. Ni uso tu."

Lakini alikuwa anacheka, na alijua anacheka, ingawa hofu nayo ilikuwa palepale. Trafiki akamwandikia karatasi, akamweleza kwa upole kwamba kwa jinsi alivyozidisha, kosa hili halilipiwi dirishani na mambo yakaisha. Lazima asimame mbele ya hakimu wa makosa ya barabarani, Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi.

Nyumbani Breki alikuwa sebuleni, amejifunga shuka, kikombe mkononi. Mama Pindo hakukaa. Alisimama mlangoni akasema yote kwa pumzi moja.

Breki akaweka kikombe chini.

"Sabini na ngapi?"

"Na nane."

"Lile gari haliwezi kufika sabini."

"Limefika."

"Mimi sijawahi kulifikisha sabini."

"Najua, Mzee."

Breki akapiga chafya, akajifuta pua, akatazama dirishani ambako hakuona chochote. Aliumia, hilo lilionekana wazi. Rekodi safi ya nyumba yake ilikuwa imechafuliwa. Ila kulikuwa na kitu kingine usoni mwake ambacho Mama Pindo hakukielewa siku ile. Usiku kucha mzee alijigeuza kitandani, na kila mara alirudia kusema, "Lori! Amelipita lori!"

Binti yao alikuja kesho yake akiwa bado amevaa sare ya kazi. Yeye ndiye aliyeshika hatamu.

"Mama, sikiliza. Usiende kule ukasema ovyo. Wewe sema baba alikuwa hoi, ulikuwa unamkimbilia. Mtu mzima kama wewe, hakimu hatakuwa na moyo wa kukubana."

"Baba yako alikuwa na mafua."

"Mafua ni ugonjwa, mama. Mimi ni nesi, nakwambia."

"Kweli nilikuwa vibaya," Breki akasaidia.

Basi wakamfundisha. Kila jioni Breki alikaa kwenye kiti kama hakimu, binti akawa mwendesha mashtaka, na Mama Pindo akasimama mbele ya kabati la vyombo akisema jinsi mume wake alivyokuwa anahema. Hakuwa mzuri. Kila akifika kwenye kuhema, Breki mwenyewe alianza kuhema kwa mfano, na wote watatu wakaangua kicheko.

Mtaani, habari zilikuwa zimekwishafika kila mlango. Wateja walikuja na nguo ambazo hazikuwa na kasoro yoyote ili mradi wasikie. Muuza mboga, mwanamke mwenye maneno mengi, alimwomba asimulie lile la lori mara tatu. Vijana wa gereji walisimama alipopita na kumpigia saluti. Mama Pindo alijitia hamnazo, lakini usiku alijishonea gauni jipya la kwenda mahakamani, la buluu iliyokolea, lenye mifuko miwili. Hakuwahi kuingia mahakamani maishani mwake. Akasema kama ni lazima aingie, ataingia amependeza.

Alhamisi ikafika. Walikwenda wote watatu, Mama Pindo akiendesha, na siku hiyo hata Breki alimwambia aongeze kidogo, maana wangechelewa.

Mahakama yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu. Feni ya darini ilizunguka huku ikigongagonga. Ukutani kulikuwa na tangazo la kuzima simu, na chini yake mtu mmoja alikuwa anaongea na simu. Madereva walikaa wamebanana, kila mmoja na karatasi yake mkononi, wakinong'onezana visingizio kama wanafunzi kabla ya mtihani. Mama Pindo alikaa ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani, na kila kitu kilimsisimua: ile meza ndefu, yale mafaili yaliyofungwa kwa utepe, yule karani aliyeita majina kwa sauti ya mtu anayenadi samaki.

Hakimu aliingia, watu wakasimama, wakakaa. Alikuwa mwanamume mwembamba, wa makamo, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kutega masikio.

Wa kwanza kupanda kizimbani alisema upepo ndio uliomsukuma. Hakimu akamuuliza kama upepo huo una leseni. Wa pili alisema ndala yake ilinasa chini ya pedeli. Wa tatu, kijana aliyevaa suti ya kuazima, alisema alikuwa anawahi mazishi ya bibi yake.

Hakimu akafunua faili, akasoma kidogo, akainua macho.

"Pole sana. Huyu ni bibi yule tuliyemzika hapa mwezi uliopita, au ni mwingine?"

Chumba kikavunjika mbavu. Kijana akainamisha kichwa. Mama Pindo alicheka na wenzake, kisha akaacha ghafla, kwa sababu alikumbuka hadithi aliyoibeba yeye.

Ndipo jina lake likaitwa.

Aliinuka. Alipanda kizimbani, akashika mbao, mkoba ukining'inia mkononi. Mwendesha mashtaka, mwanamke mwenye kuongea haraka, akasoma kosa: mahali, siku, gari, mwendo wa sabini na nane penye hamsini. Ile namba iliposomwa, watu mabenchini walimwangalia mama mzima wa gauni la buluu, na mtu mmoja nyuma akasema "Loh!"

"Unakubali kosa au unakataa?" hakimu akauliza.

"Nakubali, mheshimiwa."

"Una lolote la kujitetea?"

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Akageuka kuwatazama watu wake. Binti alikuwa anamtikisia kichwa kumtia moyo. Pembeni yake Breki alikuwa amevaa tai, mashavu yamejaa, mzima wa afya, na kwa kutaka kusaidia alikuwa ameanza kuinamisha bega na kuhema. Mama Pindo akamwona, na kitu fulani ndani yake kikakataa katakata.

Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, nilikuwa nimefurahi."

Feni ikagonga. Karani akaacha kuandika.

"Umesema?"

"Nilikuwa nimefurahi, mheshimiwa. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Sikuwa nawahi popote. Nilikuwa nimetoka kupeleka mapazia, nikawa peke yangu garini kwa mara ya kwanza tangu nijue kuendesha. Barabara ilikuwa nzuri. Nikafungua dirisha, nikaanza kuimba, na mguu ukazidi. Ndiyo hivyo tu."

Vicheko vililipuka benchi hadi benchi. Karani akagonga meza akidai utulivu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameficha mdomo kwa faili. Binti alijifunika uso kwa mikono. Hakimu peke yake hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi," akasema, "na hilo sijawahi kuambiwa. Nakushukuru. Sasa nikuulize kitu kimoja, na unijibu vilevile kwa ukweli. Askari aliposimama mbele yako, gari lilisimama kabla halijamfikia?"

Mama Pindo akafungua mdomo. Akaiona tena ile barabara, mkono ulionyooshwa, gari linasota. Akamwona msichana yule anaruka. Mpaka siku ile alikuwa amesimulia habari hii mtaa mzima, akalisimulia lori, akausimulia upepo, na hata mara moja hakuwa amesimulia pale askari aliporuka.

"Hapana, mheshimiwa," akasema, na sauti ikawa ndogo. "Yeye ndiye aliyeruka."

"Angekuwa mtoto?"

Mama Pindo akavua miwani. Akafuta macho.

"Barabara ile ni mpya," hakimu akasema, "na watu wa vile vibanda bado wanavuka kama zamani, bila kuangalia. Furaha si kosa, mama. Sheria haijaikataza. Lakini furahi ukiwa hamsini."

Akaandika. Faini akampa ile ya chini kabisa, kwa kuwa ni kosa la kwanza na hakuisumbua mahakama. Juu ya hapo akamwamuru ahudhurie darasa la usalama barabarani, Jumamosi moja asubuhi, pamoja na madereva wa malori na wa pikipiki. Alipokuwa anafunga faili, Breki akasimama mabenchini.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa!"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mumewe. Nimeendesha malori maisha yangu yote, sijaandikiwa kosa hata moja. Naomba nimfundishe mwenyewe nyumbani, darasa halina haja."

Hakimu akamtazama, akatazama ile tai.

"Mzee, tangu apate leseni, ni nani aliyekuwa anakaa naye garini na kumfundisha?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Basi kaa chini."

Safari hii hakimu naye alicheka, na chumba kizima kikaona ruhusa imetolewa.

Nje, jua lilikuwa kali. Mama Pindo alilipa dirishani, akapewa risiti, akatoka akiwa amelowa jasho na kujisikia mwepesi kama aliyetua gunia. Binti alikuwa anataka kununa, lakini hakuweza. Kila alipoanza, kicheko kilimponyoka. "Nilikuwa nimefurahi!" alirudia akiigiza sauti ya mama yake. "Mama, wiki nzima nakufundisha, unakwenda kumwambia hakimu umefurahi!" Akawaaga kwenye kituo cha basi akaenda zamu, bado anacheka peke yake njiani mpaka watu wakampisha.

Wakarudi wawili. Mama Pindo aliendesha arobaini na tano, mikono yote miwili kwenye usukani, akimtazama kila aliyesogelea ukingo wa barabara. Breki alikaa pembeni kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Walipita soko, wakapita mzunguko, wakangoja ng'ombe wamalize kuvuka. Mwishowe akajikohoza.

"Mama."

"Naam."

"Hebu niambie. Pale ulipolipita lori. Ilikuwaje?"

Mama Pindo akamtupia jicho. Mzee alikuwa ameinama mbele kidogo, kama mtoto anayengoja hadithi, na hapo ndipo alipojua kile kitu alichokiona usoni mwake siku ile ya mafua. Ulikuwa wivu mtupu.

Akamsimulia. Akamwambia jinsi usukani ulivyotetemeka mikononi, jinsi lori lilivyokuwa refu, halafu fupi, halafu likawa ndani ya kioo cha nyuma tu. Akamwambia mtandio ulivyoruka. Breki alisikiliza huku akipigapiga goti, akauliza lori lilikuwa la aina gani, lilikuwa na mzigo au tupu, na dereva alikuwa na sura gani alipopitwa. Kisha, kwa sababu ni lazima, akamsimulia na askari alivyoruka. Breki akaacha kupiga goti, akamwekea mkono begani mpaka nyumbani.

Darasani alikwenda. Alikaa mbele, akauliza maswali mpaka mwalimu akaomba wapumzike, na madereva wa malori wakamnunulia chai. Breki naye zamu yake hospitalini ilifika, akapasuliwa jicho moja, kisha la pili, akarudishiwa ruhusa ya kuendesha. Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akatoa turubai, akaosha gari, akaingia ndani kuchukua ufunguo, akarudi akae upande wa dereva. Alimkuta mkewe amekwishakaa pale, mkanda amefunga.

Walibishana mpaka jirani akatoka nje kusikiliza. Wakakubaliana kwamba Breki ataendesha siku za hospitali na za misiba. Siku zilizobaki ni za Mama Pindo.